Maji Gani, Dougal?

Ardnacroe,
12 Machi, 1967

Mdogo wangu Ranald,

Naanza na aibu kabla ya salamu. Barua yako ya Julai imekaa juu ya rafu ya meko tangu ilipofika, na kila nilipopangusa vumbi niliiinua, nikapangusa chini yake, nikairudisha palepale. Mwanamke aliyewafundisha watoto wa bonde hili kwa karibu miaka arobaini kwamba barua hujibiwa ndani ya juma moja hana pa kujificha. Nisamehe. Haikuwa ugonjwa wala hasira. Utaona ilikuwa nini.

U hali gani, na Ruth je? Mgongo wake umepata nafuu baada ya baridi ya huko kwenu, ambayo kwa maelezo yako inaifanya ya kwetu ionekane kama kiangazi? Watoto nawabusu kwa umri: mkubwa kwanza, asije akalalamika. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanitabiria mvua bila kukosea, lakini napanda kanisani kwa miguu yangu na nasoma bila miwani mchana.

Uliniomba nihamie Manitoba, huko kwenu. Uliandika kwamba kiwanda chetu cha wiski kikifungwa, bonde litabaki na kondoo na makaburi, na kwamba chumba cha upande wa jua kimekwisha kupakwa rangi. Sikujibu kwa sababu sikujua kama kiwanda kitafungwa au la, na sikutaka kukupa jibu ambalo ningelazimika kulifuta. Sasa najua. Niruhusu nieleze kwa mpangilio.

Unayakumbuka mapipa ya uani. Nayaeleza hata hivyo, kwa kuwa najua barua zangu husomwa mezani, na watoto wako hawajapata kuyaona. Yalikuwa mawili, ya mbao, makubwa kiasi cha kuzamisha ng'ombe, yamesimama nje nyuma ya nyumba ya mitungi. Ndani ya kila pipa bomba la shaba lilijizungusha kama nyoka kutoka juu hadi chini, likizidi kuwa jembamba kadiri lilivyoshuka. Mvuke kutoka kwenye mitungi ya shaba, inamochemshiwa wiski, uliingia juu ukiwa moto. Kijito kinachoteremka mlimani kilipita ndani ya pipa mchana kutwa na usiku kucha. Na chini ikatoka wiski mbichi. Ndivyo ilivyokuwa tangu babu yake babu yetu alipochoka kuwakimbia maafisa wa ushuru, akaacha kupika ya magendo pangoni, akakata leseni.

Na wiski yetu ilikuwa nzito. Mchungaji Baillie, ambaye aliionja kwa ajili ya kifua tu, alisema inanukia mchuzi wa nyama uliokaribia kuungua pamoja na kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Hakuwa akiilaumu. Wachanganyaji wa Glasgow, wanaochanganya wiski za viwanda vingi, waliinunua kwa uzito huohuo. Walisema wiski nyingine ni nyama laini, na ya Ardnacroe ndiyo mfupa.

Miaka miwili iliyopita, kiwanda kilipokuwa kimelala kwa kiangazi, wenye mali walioko Edinburgh waliamua kwamba mapipa yale yamezeeka. Yalivuja, na wakati wa barafu mtu alilazimika kupanda na shoka. Yakaondolewa. Ndani ya nyumba vikafungwa vipozeo vipya, mirija mingi myembamba ya shaba ndani ya silinda ndefu, vinang'aa kama vyombo vya altareni. Bwana Innes, meneja, alinialika kwenda kuviona, na nakiri nilivisifu. Ua ulikuwa mkavu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Mbao za pipa moja alizichukua Bella Gow wa duka la posta akajengea banda la kuku. Za pipa la pili walipewa akina Grant, wakafanyia zizi la nguruwe.

Majira ya baridi yale barua ikaja kutoka Glasgow. Wachanganyaji walisema wamepokea kitu kizuri, chenye harufu ya maua na peasi, na wakauliza kwa adabu kimetoka wapi.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, Ranald, na usidhani ilianza kwa hekima. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Wanaume wa mitungi walikumbuka kwamba mtungi mkubwa ulipobadilishwa zamani, mfua shaba aliunakili mtungi wa kale hadi pale ulipobonyea, kama desturi inavyotaka, lakini alisahau pahali pamoja, kiasi cha ngumi, karibu na shingo. Wakaubonyeza kwa nyundo ya mbao, wamevua kofia. Haikusaidia. Wengine wakalaumu kusafishwa kwa utando wa buibui katika chumba cha kuchachushia. Kwa mwezi mzima ilikuwa marufuku kufagia. Bella Gow akatangaza dukani kwamba mitungi imezoea kusikia Kigaeli, lugha ya wazee wetu, na kwamba tangu vijana waanze kuongea Kiingereza mbele yake imenuna. Akaulizwa yeye mwenyewe anaongea Kigaeli na nani. Akajibu kwamba anaongea na kuku, na ndiyo maana wanataga.

Wenye mali hawakucheka. Waliandika kwamba wiski isipoirudia tabia yake kufikia Pasaka ya mwaka huu, moto utazimwa na hautawashwa tena. Innes aliisoma barua hiyo mbele ya wafanyakazi wote katika ghala la kimea. Niliambiwa kwamba baada yake walirudi kugeuza kimea kana kwamba wameambiwa habari za mvua. Wewe uliwahi kushika lile koleo la mbao. Unajua jinsi watu wetu wanavyolia kwa mabega.

Pamoja na barua ile walimtuma mkemia. Jina lake ni Bwana Pringle, kijana wa Edinburgh, mwembamba, mwenye adabu, anayekula uji kwa sukari. Alipanga kwangu, katika chumba chako cha zamani. Nilimpenda kwa sababu husema sentensi nzima na kuzimaliza.

Kila asubuhi aliwaendea wazee wa kiwanda kuwauliza ni kitu gani kinachoifanya wiski ya Ardnacroe iwe kama ilivyo. Na kila mmoja, bila kushauriana na mwenziwe, alimjibu neno moja: maji. Aliyewasha tanuri alisema maji. Aliyepika togwa ya kimea alisema maji. Dougal Cattanach, mtoneshaji mkuu, uliyegeuza naye kimea mlipokuwa wavulana, alisema maji, kisha akauliza Edinburgh wanafundisha nini siku hizi.

Basi Pringle akayapima maji. Akapanda Tobar, ile chemchemi yetu ya kupikia togwa, akajaza chupa. Akazipeleka Edinburgh, akarudi, akajaza nyingine. Alipanda mvuani, akapanda thelujini. Chumba chako kilijaa chupa hadi dirishani. Kila mara jibu lilikuwa kwamba maji ya Tobar ni yaleyale ya siku zote. Wazee walimwona akipita na kapu lake wakamtania kwamba ameyapima maji mpaka yamekonda. Dougal alimwita daktari wa chupa, akamshauri awape maji kidonge na kuyapumzisha kitandani.

Pringle aliniambia mezani kwamba watu hawa wanaficha kitu. Dougal aliniambia langoni mwa kanisa kwamba kijana yule ni kiziwi, kwa kuwa ameambiwa jambo lilelile na watu wote na halifanyii kazi. Niliwasikiliza wote wawili na kuwaelewa wote wawili, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Jumapili ya pili ya Desemba nilimwalika Dougal chakula cha mchana, ili wapatane au wagombane mbele yangu. Nilipika supu ya kuku na vitunguu. Pringle, akiwa na huzuni ya kweli usoni, akamwuliza tena. Dougal akaweka kijiko chini. Akamwambia, "Mtoto wa watu, nikuimbie? Ni maji! Tangu maji yaondolewe, wiski haina nyumbani." Pringle akamjibu kwamba hakuna aliyeyaondoa maji; Tobar inabubujika kama siku zote, ameishika kwa mikono yake. Dougal akamgeukia. Akamwuliza, "Tobar? Nani ametaja Tobar hapa?"

Mkono wangu ulikuwa na upawa wa supu, na ukabaki hewani.

Ranald, kwenye ramani kijito cha uani kinaitwa Allt Croy, na katika bonde zima hakuna aliyepata kukiita hivyo isipokuwa mimi darasani. Kwetu chemchemi ni Tobar, na kile kijito ni Maji, basi. Watoto huambiwa wasiangukie Maji. Ng'ombe huvushwa Maji. Kila mara mkemia alipotamka maji, mimi nilisikia Tobar, kama yeye. Kila mara Dougal alipotamka maji, nilisikia kijito, kama yeye. Maneno mawili yalikuwa yakipita mlangoni mwangu yamevaa koti moja, nami nikiyakaribisha yote kama mgeni mmoja.

Nikamwuliza kwa sauti ile ya ubaoni, "Maji gani, Dougal?"

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza jua gani. Akasema, "Maji, Mwalimu. Maji! Ya uani. Yaliyokuwa yakipita kwenye mapipa."

Pringle akasimama. Akaketi. Akasimama tena, akaondoka bila kofia, supu ikapoa.

Usidhani Dougal alijua sababu. Nilipombana alisema kwamba wiski, kwa maoni yake, hupenda kusikia kijito kikipita, kwamba sauti ile huituliza, na kwamba ndani ya vipozeo vipya inatoka na kiwewe. Aliyasema haya kwa uso mkavu kabisa. Sababu aliipata Pringle, siku tatu baadaye, kwa vitabu na chupa zake mwenyewe, na akatueleza mimi na Innes sebuleni. Katika mirija mipya, alisema, mvuke unagusa shaba nyingi na kupoa taratibu, na shaba inausugua hadi uzito wote unaisha. Ndipo yanapobaki maua na peasi. Katika bomba moja lililozama ndani ya kijito cha baridi, mvuke unageuka umande papo hapo, unashuka na mizigo yake yote. Alisema miezi yote hiyo alikuwa akipima maji yanayoingia ndani ya wiski, na hakupata hata mara moja kuwaza yale yasiyoingia.

Innes akauliza swali la meneja: mapipa yako wapi?

Sasa ndipo ungefurahi kuwapo. Bella Gow aligoma mwanzoni. Alisema kuku wake wametulia na hawezi kuwahamisha katikati ya baridi kwa sababu ya mkemia. Dougal akamwendea, akamwambia kwamba basi kiwanda kitafungwa na atabaki akiwauzia stempu hao kuku. Kesho yake banda lilikuwa mlangoni mwa kiwanda, limevunjwa na kupangwa ubao kwa ubao, na kuku wakahamia nyuma ya kaunta ya posta, ambako waliendelea kutaga juu ya fomu za serikali. Mbao za akina Grant zilinuka nguruwe. Zilichemshwa na kusuguliwa kwa mchanga na wanawake wa kanisa. Bomba moja lilipatikana kwa muuza vyuma vikuukuu, limekunjwa. La pili lilikuwa limekwisha kuyeyushwa, na mfua shaba akafua jingine kwa kumbukumbu ya wazee waliosimama nyuma yake wakibishana. Innes hakuwaandikia Edinburgh kuomba ruhusa. Aliniambia kwamba sentensi ya kuomba ruhusa ilimshinda kuitunga, na mimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, sikujitolea kumsaidia.

Mwishoni mwa Januari walivunja barafu kwa shoka wakakirudisha kijito ndani ya mapipa. Nilikuwapo. Nilisimama mlangoni tu, kwa sababu, kama ujuavyo, niliapa mbele ya kanisa nikiwa na miaka kumi na minne kwamba sitaionja, na sijaionja. Lakini hakuna aliyeapa kutonusa. Mvuke ukapanda, ua ukajaa ukungu wa utotoni mwetu, na ndani ya kisanduku cha kioo wiski ikaanza kuchuruzika, mwanzo kali, kisha ikatulia. Dougal akaiweka kiganjani, akasugua viganja, akanusa. Akamnyoshea Pringle mikono yake miwili, naye akainama akanusa humohumo viganjani mwa mzee, kama mtu anayekunywa kwenye kisima. Kisha Pringle akaniita. Ranald, ilikuwa nyama iliyokaribia kuungua na kiberiti kilichozimwa. Ilikuwa koti la baba mlangoni saa ya chakula. Ilinibidi nitoke nje kuangalia mlima.

Chupa zilikwenda Glasgow. Tulingoja, na kungoja huko sikuelezi. Majuma mawili yaliyopita Bella alipokea simu ya maandishi na, kinyume cha sheria za posta, akaisoma kwa sauti kutoka mlangoni kabla haijamfikia Innes. Ilikuwa na maneno mawili: "Mlikuwa wapi?"

Edinburgh wamekubali. Vipozeo vinafungwa na kupelekwa kiwanda kingine kinachopenda maua. Moto hauzimwi. Shule inabaki, kwa kuwa wazazi wanabaki. Pringle ameomba kuhamishiwa hapa, na amepunguza sukari kwenye uji.

Hapa barua ingeweza kuisha, nami ningekujibu kuhusu Manitoba kwa mstari mmoja. Lakini nimebakiza jambo, nami nimezunguka kurasa zote hizi ili nisilifikie. Hulijui, wala Bella halijui, na kutolijua kwa Bella peke yake ni muujiza.

Alasiri ile ya simu, wakati wanaume wote walikuwa uani wakipiga kelele, Dougal alikuja kwangu kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amenyoa ndevu. Aliketi kwenye kiti cha jikoni, kofia gotini, akasifu jiko, akasifu paka. Nikamngoja. Mwishowe akasema, "Mwalimu, nina nyumba ambaye ina viti viwili na mtu mmoja."

Nikamwambia, "Ambayo."

Akafikiri. Akasema, "Nina nyumba ambayo ina viti viwili na mtu mmoja. Haya, sentensi imenyooka. Jibu lake nini?"

Nilikuwa nimekwisha kuisahihisha kabla sijaielewa. Nilipoielewa kuwa ni posa, nikaketi. Nina miaka sitini na sita, mdogo wangu. Yeye ana sitini na mitatu, mjane wa miaka kumi, anavuta kiko, na makoti yake yananuka kitu kile nilichoapa kutokiweka mdomoni. Nilimweleza haya yote moja baada ya jingine. Alikubali kila moja, isipokuwa kwamba kuhusu kiko aliomba tujadiliane.

Nikamweleza pia habari zako. Nilimwambia kwamba ninaye ndugu mmoja tu duniani, ng'ambo ya bahari, aliyenipakia chumba rangi, na kwamba kila mwaka ninaokaa hapa ni mwaka ninaouondoa katika ile iliyobaki ya kumwona. Hapo hakunitania. Alisema kwamba mitungi hulala Juni hadi Agosti, na kwamba hajawahi kujua afanye nini na miezi hiyo tangu awe mtu mzima. Alisema angependa kuona kama Ranald bado anashika koleo upande usiofaa.

Nakuungamia hili kwa sababu wewe pekee ndiwe utakayeelewa ninachoogopa. Nilipokuwa nadhani kiwanda kinakufa, njia yangu ilikuwa imenyooka: ningefunga nyumba, ningekuja kwenu, ningezeeka kwa utaratibu. Nilikuwa nimekwisha kuikubali huzuni hiyo, nikaizoea, hata nikaipenda kidogo. Sasa nimepewa kuchagua kati ya mema mawili, na sijapata kufanya hivyo, sikufundishwa. Naamka asubuhi nikiwa na furaha, Ranald, kisha nashtuka kama mtu aliyechukua mwavuli usio wake.

Nimemwambia Dougal atapata jibu kabla mitungi haijalala. Amesema atangoja, na kwamba kazi yake yote ni kungoja kitu kitoke kwa wakati wake. Usinishauri kwa barua ijayo. Nataka niliamue kwa akili yangu mwenyewe. Lakini niambie kama ungekasirika. Siku nitakayoamua, nitakuandikia siku hiyohiyo, wala barua haitakaa rafuni.

Nisalimie Ruth, mwambie aukinge mgongo. Wasalimie watoto, na wakiuliza shangazi yao anasema nini, waambie anasema waandike kwa wino na waache nafasi pembeni. Dougal angekutumia salamu kama angejua kwamba nakuandikia. Bella Gow anazituma hata bila kujua.

Mungu awalinde nyote.

Dada yako akupendaye,
Marsaili Shaw
(jina ni hili kwa sasa)